Breki Inapolia: Sikiliza Kabla ya Kunyamazisha

Swala ya Ijumaa inapomalizika na magari kuanza kutoka nyuani mwa misikiti yetu moja baada ya jingine, husikika milio ya breki ya kila namna. Mingine ni myembamba mfano wa filimbi. Mingine ni mizito, kama jiwe la kusagia linalozungushwa likiwa tupu. Wenye magari hawashughuliki. Masikio yao yamekwisha kuizoea milio hiyo, na wapita njia nao wameizoea, hata imekuwa sehemu ya kelele za mji pamoja na honi za matatu na tuktuk. Walakin miongoni mwa magari hayo yapo yatakayowabeba watoto wetu kwenda madrasa, wanne katika kiti cha watu watatu, na yapo yatakayoushuka mteremko wa Mazeras usiku yakiwa na jamaa wazima wanaorejea kutoka maziko. Ndiyo sababu tumeonelea ukurasa wa wiki hii tuutoe kwa jambo hili, ambalo aghalabu huachiwa fundi peke yake.

Yafaa kwanza kufahamu mlio huo watoka wapi. Katika magurudumu ya mbele ya karibu kila gari dogo la siku hizi mna sahani ya chuma, iitwayo diski, inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki huisukuma pistoni iliyomo ndani ya kalipa, na kalipa huibana diski baina ya pedi mbili, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Kila pedi ni bamba la chuma lililogandishwa juu yake tabaka la kitu kigumu chenye kukwaruza. Tabaka hilo ndilo linalolika kidogo kidogo ili gari lisimame. Pedi ikishika sawasawa, huwa kimya. Ikitetemeka, hata kama mtetemeko wenyewe hauonekani kwa jicho, hutoa sauti kali, kama vile upinde unavyoufanya uzi wa fidla uimbe. Kwa hivyo mlio peke yake si ushahidi kwamba breki imeharibika. Iko breki inayolia na bado ikalisimamisha gari vyema, na iko iliyo kimya kabisa nayo haifai kitu. Kazi ya mwenye gari ni kupambanua.

Mlio mwepesi kuliko yote ni ule wa asubuhi. Diski ni chuma ambacho uso wake haupakwi rangi wala mafuta, nasi tunaishi ukingoni mwa bahari. Hewa ya chumvi na umande wa usiku mmoja hutosha kuifunika kwa utando mwembamba wa kutu. Gari lililolala Kizingo au Likoni, lililooshwa jioni, au lililonyeshewa na mvua za masika, huenda likakwaruza na kulia mwanzo wa safari. Baada ya kukanyaga breki mara tano au kumi kutu hiyo hufutika na sauti hukoma. Ikiwa imekoma hivyo, na breki zinashika kama kawaida, huna haja ya kumsumbua fundi. Mbali na hilo ni gari lililoachwa chini ya mwembe miezi mingi kwa kuwa mwenyewe yuko Oman au Saudia kikazi. Hapo kutu huwa imechimba, na pengine sehemu za kalipa zinazopaswa kuteleza zimeganda. Gari la namna hiyo lisipewe kijana aliendeshe kwenda harusini siku ile ile lilipowashwa.

Mlio wa pili ndio tunaotaka kuukalia, kwa kuwa huo umewekwa makusudi. Watengenezaji wa pedi nyingi hutia pembeni mwa bamba kibati kidogo cha chuma kilichopinda. Pedi ikiwa nene, kibati hakigusi kitu. Ikilika mpaka kubaki kiasi cha milimita 2 au 3, ncha ya kibati huifikia diski na kuanza kuikwaruza, na gari hutoa mlio mwembamba usiovumilika. Mara nyingi husikika gari likiwa linatembea, hata kabla mguu haujagusa pedali, na huenda ukabadilika au kukatika unapokanyaga. Haukutiwa ili kukukera bure. Umetiwa ili dereva asiyefungua magurudumu yake apate habari mapema, wakati bado kuna muda wa kununua pedi kwa utulivu.

Sasa tazama inavyofanyika. Tumeshuhudia katika karakana moja ya mjini fundi akichukua koleo, akakikata kile kibati, akarudisha gurudumu na kumwambia mteja kwamba gari limepona. Mteja akalipa na kushukuru. Kelele iliondoka kweli. Pedi zilikuwa nyembamba kama zilivyokuwa. Hatuoni tofauti baina ya kitendo hicho na kumziba mdomo mlinzi aliyepiga ukelele wa mwizi. Kisharia pia tunadhani jambo liko wazi: ni ghushi, sawa na ya muuza nafaka anayeficha chini ya gunia ile iliyolowa. Wako na wengine wanaopaka oili ya injini au grisi kwenye uso wa diski ili inyamaze, na hilo ni baya zaidi, kwa maana pedi iliyokunywa mafuta haishiki tena na haioshwi ikatakata, hutupwa. Mwenye gari akisema tu, “Fundi, niondolee kelele hii,” amefungua mlango wa hayo yote. Aseme, “Fundi, nitafutie sababu ya kelele hii.”

Tena kimya nacho kisikudanganye. Pedi nyingi za bei rahisi hazina kibati hicho, na kwa kawaida hata zenye kibati hukitia kwenye moja tu kati ya zile mbili. Kwa hivyo zinahitaji kutazamwa. Kwenye magari yenye rimu za matundu waweza kumulika tochi na kuiona pedi ya nje bila kufungua chochote. Pedi mpya huwa na tabaka la kiasi cha milimita 10 hadi 12. Likibaki 3, ibadilishwe. Ambaye hana kipimo na ashike kanuni hii: tabaka likiwa jembamba kuliko bamba la chuma lililolibeba, wakati wa kununua nyingine umewadia. Lakini ya nje si shahidi wa ya ndani. Kalipa nyingi hujongea juu ya pini mbili, na pini zikishikwa na kutu, jambo ambalo hewa yetu ya chumvi hulihimiza sana, pedi ya ndani hubeba kazi peke yake na kumalizika ilhali mwenzake angali nene. Akina mama wengi huendesha wenyewe siku hizi na hutuambia kwamba gereji huwaona kama mawindo. Sentensi moja hubadilisha mazungumzo: “Fundi, nionyeshe na ya ndani.”

Ikipuuzwa yote hayo, hufuata mkwaruzo mzito wa chuma juu ya chuma, unaosikika hata mguuni kupitia pedali. Hapo tabaka limekwisha na bamba linaichimba diski. Gharama iliyokuwa ya pedi peke yake huwa sasa ya pedi na diski, na gari huhitaji masafa marefu zaidi ili lisimame. Gari lenye sauti hiyo halisafiri. Si la kwenda nalo Malindi kwa ajili ya Idi kisha “tutaangalia tukirudi”. Tawakali haikumwondolea msafiri wajibu wa kumfunga ngamia wake, wala haimwondolei dereva wajibu huu. Vivyo hivyo pedali ikiwa laini au ikizama kuliko desturi, gari likivutwa upande mmoja unapofunga breki, pakitoka harufu ya kuungua, au taa nyekundu ya breki ikiwaka: liegeshe, umwite fundi alipo.

Hubaki zile breki zenye pedi nene na bado zinalia. Hizi ndizo zinazowachosha watu, kwa kuwa hubadilisha pedi mara mbili na tatu bila nafuu. Aghalabu tatizo haliko kwenye pedi bali pale zinapokaa. Masikio ya pedi yanapokutana na kishikio chake pamejaa kutu na vumbi, vibati vyembamba vya kuzuia mtetemeko vilivyokuja na gari vilitupwa na fundi aliyeona havina kazi, na pini zimekauka. Dawa yake ni usafi. Gari huegeshwa mahali palipo sawa, gurudumu la upande wa pili hutiwa kigingi, na baada ya kuinuliwa kwa jeki huwekewa kiegemeo imara. Jeki peke yake haiaminiwi. Kalipa ikifunguliwa ifungwe kwa waya, isiachwe ikining’inia kwa mpira wake wa mafuta. Kutu husuguliwa kwa brashi ya chuma, vibati hurudishwa au hununuliwa vingine, kisha hupakwa grisi maalumu ya breki, ile inayostahimili joto: kidogo kwenye pini, kidogo nyuma ya bamba na kwenye masikio yake. Usoni mwa pedi na diski isiguse hata tone. Mafundi wengi hupaka grisi ya kawaida ya beringi, nayo huyeyuka kwa joto na kutiririka pale pasipotakiwa.

Vumbi la breki lisipulizwe, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Baadhi ya pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Lilowekwe kwa maji ya sabuni au dawa ya kusafishia breki, na watoto wanaopenda kuchutama kando ya fundi wapelekwe ndani.

Pedi ziking’aa kama kioo, zimeungua. Hutokea zaidi kwa anayeshuka kutoka Kwale au Mazeras mguu ukiwa juu ya breki mwanzo hadi mwisho. Waweza kuzisugua kwa msasa zikapata ukali tena, ingawa sisi tungezibadilisha. La maana ni kubadili uendeshaji: mteremkoni weka gia ya chini ili injini ilizuie gari, na kwa gari la otomatiki sogeza kwenye gia ya chini iliyopo. Joto hilo hilo huchemsha mafuta ya breki, ambayo kwa tabia yake hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205. Yakishanyonya maji huweza kuchemka kwa 140 tu, na yakichemka pedali huzama bila breki kushika. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Na kiwango chake kikishuka usijaze tu na kufunga kifuniko: huenda pedi zimelika, au kuna mahali panapovuja.

Mlio usiobadilika kabisa, ukanyage usikanyage, mara nyingine ni kijiwe kilichorushwa na barabara ya murami na kunaswa baina ya diski na bati linaloikinga. Kurudi nyuma polepole mara mbili tatu huweza kukiangusha. Nyuma, Probox na Hiace nyingi hutumia dramu badala ya diski, na ndani yake breki shuu mbili zilizopinda mfano wa mwezi mwandamo. Humo vumbi hujikusanya na kuguna. Hufunguliwa na kusafishwa, nazo hukaguliwa unene kama pedi.

Zinaponunuliwa pedi, hununuliwa za magurudumu mawili ya ekseli moja kwa pamoja, hata kama upande mmoja ungali mzima, la sivyo gari litavuta upande. Duka likikupa pedi zisizo na jina la mtengenezaji wala namba kwenye bamba lake, zirudishe. Omba zile kuukuu upewe mkononi. Diski nayo huandikwa kiwango cha chini cha unene wake. Fundi akitaka kuichonga mashineni ili kuisawazisha, na apime kwanza kama itabaki juu ya kiwango hicho. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana baada ya pistoni kurudishwa nyuma mkanyago wa kwanza hushika hewa tu. Kisha katika barabara isiyo na watu endesha kwa kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama, na urudie kama mara 10 ukiacha nafasi zipoe. Pedi mpya zisipozoeshwa diski huweza kulia tangu wiki ya kwanza, na fundi asiye na hatia akalaumiwa.

Tunapendekeza kamati za wazazi wa madrasa zenye magari ya kubeba watoto zimwombe mwenye gari, kwa heshima na kabla ya Ramadhani kuingia, afunguliwe magurudumu yote manne mbele ya mmoja wao. Fundi mwenye vifaa akianza mara baada ya Alasiri, kwa kawaida huwa amemaliza kabla ya adhana ya Magharibi.