Kombe Halitajwi

Kampala mtu hachagui timu, anaikuta nyumbani. Katika Buganda mtoto hurithi ukoo wa baba yake pamoja na muziro wake, yule mnyama au mmea ambao ukoo hauruhusiwi kuula, na ushabiki wa kandanda umefuata njia hiyohiyo. Baba akiwa wa Express, wekundu wa Wankulukuku wanaojiita Mukwano gw'abangi, rafiki wa wengi, watoto huvishwa nyekundu kabla hawajajua kusoma. Baba akiwa wa KCCA, timu iliyoanzishwa 1963 katika idara ya majitaka ya Halmashauri ya Jiji na ambayo mpaka leo inaitwa Kasasiro, yaani takataka, mtoto hufundishwa kulipokea tusi hilo kwa majivuno. Na baba akiwa wa Sports Club Villa, mtoto hurithi rangi ya buluu na hadithi nyingi. Waliozaliwa baada ya 2004 walirithi pia deni.

Villa ilianza 1975 kwa jina la Nakivubo Boys. Wenyewe huiita Jogoo, na ule msemo wa jogoo la shamba haujawahi kuwatisha, maana huyu alianguliwa mjini, karibu na vituo vya teksi na soko la Owino. Mwaka 1991 alifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika; Club Africain wakamfunga 6-2 kule Tunis, na marudiano ya Kampala yakaisha 1-1. Kuanzia 1998 hadi 2004 hakuna timu nyingine iliyogusa ubingwa wa ligi. Lilipofika kombe la kumi na sita, jogoo akanyamaza. Ligi ikaenda kwa Polisi, ikaenda kwa URA ambao ni mamlaka ya mapato (kodi wachukue wao, na kombe pia wao), kisha ikazoea kwenda kwa Vipers wa Kitende. Timu za taasisi zina uhakika wa mishahara. Villa ilikuwa na watu.

Na hao watu nao walipoteza ukumbi wao. Uwanja wa Nakivubo, uliofunguliwa 1926, ulibomolewa 2017 ili ujengwe upya. Mwenye kibanda Owino alikuwa akimwachia jirani bidhaa zake, anatembea hatua chache hadi uwanjani, na jioni anarudi kuuza. Mechi zilipotawanyika kwenda Wankulukuku, Lugogo na kwingineko, kila mchezo ukawa na nauli ya bodaboda na nusu siku ya biashara iliyopotea. Wanaosema vijana wa Kampala waliikimbia ligi yao kwa sababu ya Arsenal na Manchester United huisahau nauli hiyo. Kibanda cha video kilikuwa mtaani kwao, na kiingilio chake hakikushinda bei ya rolex moja, ile chapati ya mayai.

Ukame wa miaka ishirini huzaa adabu zake, na adabu hizo huonekana vizuri zaidi timu inapoanza kushinda mfululizo. Ushindi wa kwanza hauna mjadala. Ni bahati, na kila mtu ana bahati. Wa pili unapewa sababu: mwamuzi alikuwa mwema, wapinzani walichoka safarini. Ukifika wa tatu, watu huacha kueleza. Hapo ndipo hesabu zinapoanza, nyuma ya karatasi ya kubeti au kwenye simu: sisi tukishinda mbili, wale wakitoka sare moja, tofauti ya mabao ikibaki hivi. Wanaume wasiojua wanadaiwa kiasi gani dukani wanaujua msimamo wa ligi mpaka timu ya tisa. Lakini neno kombe halitamkwi. Husemwa "kile kitu", au kidevu kinanyanyuliwa tu kuelekea juu. Kijana akikitaja kwa jina, wazee humkaripia kama aliyepiga mluzi ndani ya nyumba usiku.

Wapo wasiofua jezi mpaka mfululizo ukatike, na wapo wanaogombania nafasi ileile waliyokaa wiki iliyopita. Mashabiki wengi ninaowafahamu hubeti juu ya timu za Ulaya kutwa nzima, ila juu ya Villa hawaweki hata shilingi. Ukiwauliza watasema si ushirikina, ni heshima. Mimi naona ni vyote viwili. Mji huu uliona mechi ya Uganda na Rwanda ya 2003 pale uwanja wa Namboole ikisimama kwa fujo kwa sababu ya kile watu walichoamini kipa wa Rwanda amekificha golini. Rwanda wakashinda 1-0. Tangu hapo, ukimcheka anayeogopa kutaja kombe, atakukumbusha siku ile.

Wazee nao wana zamu yao. Mfululizo wa ushindi huwafungua kinywa, na anayetajwa kwanza ni Magid Musisi, mfungaji aliyekwenda kucheza Rennes, Ufaransa, kisha Paul Hasule, aliyeichezea Villa na baadaye kuifundisha. Ule ushindi wa 22-1 dhidi ya timu ya Akol, mwaka 2003, huueleza kwa sauti ya chini, huku wakitazama pembeni. Vijana hulalamika: "Jjajja, hiyo tumeshaisikia." Lakini hawaondoki, wanataka kusikia mwisho wake.

Ninachokipenda zaidi ni mapokezi ya wanaorudi. Mtu amekuwa wa Arsenal tupu kwa miaka kumi, na sasa, Villa ikishinda mara nne, anatokea na jezi ya buluu yenye mikunjo ya sandukuni. Hafukuzwi, lakini hasamehewi bure. "Karibu, ssebo. London mvua imekwisha?" Atanunua karanga za safu nzima, atatumwa maji, atakaa juani. Bao likiingia atakumbatiwa kama wengine, na mapumziko yakifika atatumwa tena.

Mei 2024, siku ya mwisho ya msimu, chini ya kocha Mserbia Dušan Stojanović, kile kitu kikapata jina: ubingwa wa kumi na saba. Watu wazima wenye mvi walilia hadharani, na pikipiki zikapiga honi mpaka usiku. Wa Express nao walitoa pongezi zao, za kununa, kama desturi inavyodai.

Sherehe haikudumu. Agosti, CBE ya Ethiopia ikaitoa Villa mapema katika Klabu Bingwa Afrika. Msimu mpya ulipofunguliwa, karatasi za kubeti zikageuzwa tena upande wa nyuma, na mtoto mmoja asiyejua adabu akauliza kwa sauti kama na la kumi na nane litachukua miaka ishirini. Walimnyamazisha watu watatu kwa pamoja.