Hata Msokoto wa Nyumbani Una Sumu

Wakulima wa korosho wa Masasi na Newala wanazijua kemikali. Mikorosho inapokaribia kutoa maua, salfa hupulizwa kuzuia ubwiriunga, na mwenye kubeba mashine hufunga pua na mdomo kwa kitambaa. Pengine ndiyo maana hoja moja kuhusu tumbaku imeota mizizi huku kwetu: kwamba sigara ya kiwandani ndiyo yenye kemikali, lakini tumbaku ya kienyeji, iliyokaushwa nyumbani na kusokotwa kwenye karatasi, ni jani tu, haijatiwa kitu. Hoja hiyo inaingia akilini haraka. Si kweli, na inaua watu.

Sehemu kubwa ya sumu za sigara haitiwi na mtu. Inazaliwa pale kwenye ncha inayowaka. Mvutaji anapovuta pumzi, joto la kaa lile dogo hufika nyuzijoto 900 hivi, na jani huvunjikavunjika kuwa kemikali zaidi ya 7,000. Zinazojulikana kusababisha saratani hazipungui 69. Kuna benzini, iliyomo pia kwenye petroli. Kuna fomaldehaidi, inayohifadhia maiti. Kuna akrolini, inayowasha macho na kulemaza vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa. Moto na jani vinatosha kuzitengeneza zote.

Chukua leso nyeupe, mvutaji apulize moshi wa pumzi moja juu yake. Litabaki doa la kahawia. Hiyo ni lami, na doa hilo ni la moshi uliotoka tu. Nyingine imebaki kifuani. Ndani ya lami kuna benzopireni. Mwili ukiipokea hujitahidi kuigeuza ili itoke mwilini, na katika kugeuzwa huko huzaliwa kitu kikali zaidi, kinachojibandika kwenye vinasaba vya seli. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba hujibandika hasa kwenye sehemu za jini ya p53 ambazo hukutwa zimeharibika katika saratani ya mapafu. Kazi ya jini hiyo ni kuzuia seli zisizaliane ovyo. Ikiharibika, breki imekatika.

Kichungi cha sigara ya dukani nacho hakiokoi. Hunasa lami kiasi, lakini kaboni monoksidi hupita moja kwa moja. Hii ndiyo hewa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo moyo hulazimika kusukuma damu iliyobeba oksijeni pungufu. Mama mjamzito akivuta, au akikaa chumba kimoja na anayevuta, hewa hiyo humfikia mtoto tumboni, na watoto wa namna hiyo mara nyingi huzaliwa na uzito mdogo.

Wazee wanaonusa ugoro au kuuweka mdomoni watasema wao hawachomi kitu. Ni kweli, na mapafu yao hunusurika na mengi. Ila tumbaku ina sumu yake kabla ya kiberiti. Mmea huu hufyonza kadimiamu kutoka ardhini na kuilimbikiza kwenye majani, hata shamba lisipotiwa mbolea. Jani linapokaushwa na kuvundikwa, nikotini hugeuka kuwa naitrosamini zinazosababisha saratani; tumbaku inayokaushwa kwa moshi, kama inayolimwa kwa jirani zetu wa Namtumbo na Songea, huwa nazo kwa wingi. Saratani ya mdomo haihitaji moshi.

Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilipitishwa mwaka 2003, wakati wa urais wa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Inakataza kumuuzia sigara mtoto chini ya miaka 18. Tatizo ninaloliona ni kwamba onyo limeandikwa kwenye pakiti, na wengi wetu hununua sigara mojamoja. Pakiti hubaki kwa muuza duka. Anayesokota mwenyewe hajawahi kusoma onyo lolote.

Kuacha ni kugumu kwa sababu nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20, na ubongo huizoea. Siku tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kuuma. Zikipita, hali hutulia wiki kwa wiki. Kaboni monoksidi huisha kwenye damu ndani ya siku moja au mbili, na baada ya mwaka hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara hupungua karibu nusu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kikohozi. Mvutaji hukohoa miezi, akaambiwa, naye akaamini, kwamba ni sigara tu. Moshi hudhoofisha kinga ya mapafu, na mvutaji yuko katika hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara mbili ya asiyevuta. Kikohozi kikifika wiki mbili, apeleke makohozi yapimwe, iwe hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au ya wilaya ya Newala. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.