Matonge ya Brussels: Wakongo wanakuja, lakini wengi hawalali pale

Mkaaji wa Kasongo au Kabambare akifika Brussels na kutamani sombe, ataelekezwa Matonge, hata kama pale wengi wanaiita pondu. Mtaa huu wa Ixelles, kando ya barabara ya Wavre, ulipewa jina la Matonge ya Kinshasa, mtaa wa wanamuziki na baa. Ulianza na wanafunzi: mwaka wa 1961 Maison Africaine ilifunguliwa kuwapokea. Kisha zikafuata saluni, vikwembe na maduka ya muziki. Uwanja wa Lumumba ulikuja tarehe 30 Juni 2018 tu, miaka 57 baada ya kuuawa kwake. Ni mdogo, na ulichelewa. Leo kodi za nyumba zimepanda. Wakongo wengi wanaishi mbali, wanakuja kusuka nywele, kununua makayabu na kuulizana habari za nyumbani.