Siku 23 za Kwenda, Miezi Mitatu ya Kurudi

Ndugu msomaji, kama unakaa bara huenda hujapata kusafiri kwa jahazi. Jahazi la zamani halikuwa na injini. Lilisukumwa na upepo tu. Upepo ukitoka nyuma, tanga hujaa na chombo huenda. Upepo ukitoka mbele, chombo hutaabika. Upepo ukikoma, mabaharia hukaa wakitazama maji.

Sasa mfikirie mtu aliyepelekwa ng'ambo na upepo, naye anataka kurudi kwao. Je, upepo ule ule utamrudisha?

Hautamrudisha. Ni lazima angoje upepo mwingine.

Katika Bahari ya Hindi pepo kubwa ni mbili. Upepo wa kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi. Hutoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi, huja pwani yetu. Upepo wa kusi huanza Aprili, huendelea mpaka Septemba hivi. Huu hutoka kusini. Ukivuka Ikweta hupinda, huelekea Bara Hindi. Kati ya pepo hizi mbili kuna majuma ambayo upepo ni hafifu na haujulikani unatoka wapi.

Kwa nini upepo hugeuka? Tazama moto wa kuni jikoni kwako. Hewa ya moto hupanda juu, na hewa ya baridi huingia chini, katikati ya mafiga. Ndivyo ilivyo hata baharini. Ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Ukikanyaga mchanga wa pwani saa nane mchana, utaungua nyayo. Ukiingia majini, utaona baridi. Katika miezi ya katikati ya mwaka, nchi kubwa za Asia hupata joto kali. Hewa yake hupanda, na hewa ya baharini hukimbilia huko kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa kusi, nao huwapelekea watu wa Bara Hindi mvua zao. Mwisho wa mwaka ardhi ya Asia hupoa upesi kuliko bahari. Basi hewa hurudi ilikotoka, nasi tunapata kaskazi.

Mabaharia wa pwani yetu, wa Uarabuni na wa Bara Hindi walilijua jambo hili kwa mamia ya miaka. Wafanyabiashara walikuja kwa kaskazi wakileta nguo na tende. Waliondoka kwa kusi wakichukua boriti na pembe za ndovu. Aliyechelewa kuondoka alikaa miezi mingi akingoja. Wengine waliona bora kuoa huku huku.

Lakini wako wageni waliokuja bila kulijua jambo hili vizuri. Mmoja wao ni Vasco da Gama, nahodha Mreno. Alitoka Lisbon, Ureno, mwezi wa Julai 1497, akazunguka kusini mwa Afrika akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Aprili 1498 alifika Malindi na merikebu tatu. Mfalme wa Malindi alimpa rubani wa kumwongoza. (Siku hizi tukisema rubani tunafikiri mwendesha ndege. Zamani rubani alikuwa mtu wa kuonyesha merikebu njia baharini.)

Rubani huyo aliijua kazi yake. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikianza kuvuma. Baada ya siku 23 tu waliiona milima ya Bara Hindi. Walitia nanga karibu na mji wa Calicut.

Huko mambo hayakwenda vizuri. Zawadi walizochukua kwa mfalme zilikuwa kofia, mabeseni, sukari na asali. Wakuu wa mfalme walizicheka, maana mji ule ulikuwa na mali nyingi. Ugomvi ulizuka, na mwisho wa Agosti Wareno waliondoka. Walikaa kidogo katika kisiwa kimoja wakisafisha merikebu zao. Tarehe 5 Oktoba waliikata bahari kurudi Afrika.

Hesabu miezi, msomaji. Kusi imekwisha. Kaskazi bado haijaanza. Wangengoja mpaka Desemba wangepata upepo wa nyuma. Hawakungoja. Siku nyingi bahari ilikuwa shwari. Siku nyingine upepo uliwapiga usoni. Safari iliyowachukua siku 23 walipokwenda, sasa iliwachukua karibu miezi mitatu.

Chakula chao melini kilikuwa mikate mikavu na nyama ya chumvi. Hapakuwa na matunda wala mboga. Ufizi wa watu ulivimba ukafunika meno, wasiweze kula. Miguu ilivimba. Watu 30 walikufa katika njia ile. Kila merikebu ilibakiwa na watu 7 au 8 tu wenye nguvu za kufanya kazi.

Ugonjwa huo huitwa kiseyeye. Hauletwi na hewa mbaya wala na bahari. Huletwa na ukosefu wa vitamini C, ambayo mwili wa mtu hauwezi kujitengenezea. Hupatikana katika machungwa, malimao, mapera, mapapai na mboga za majani. Mboga ikichemshwa muda mrefu, vitamini hiyo hupotea. Nafaka kavu haina. Mtu akiikosa kwa miezi michache huanza kuugua.

Wareno hawakujua hayo. Walipokuwa wakienda, walikuwa na wagonjwa, nao walipona walipofika Mombasa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea machungwa. Lakini Mreno aliyeandika habari za safari alisema wagonjwa waliponywa na hewa nzuri ya Mombasa! Ulipita muda mrefu, mpaka 1747, ndipo daktari wa Uingereza, James Lind, alipowajaribu mabaharia 12 wenye kiseyeye kwa dawa mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimao walipata nafuu upesi kuliko wenzao.

Turudi baharini. Tarehe 7 Januari 1499 Wareno walifika Malindi. Safari hii wagonjwa wenyewe waliyatamani machungwa, na nahodha alituma mtu mjini kuyaomba. Yaliletwa kesho yake. Kwa wengi yalikuwa yamechelewa, wakafa pale pale Malindi.

Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Walipopita Mombasa walihamisha vitu vyao, wakaichoma merikebu moja moto.

Merikebu mbili ziliendelea. Ya kwanza ilifika Ureno tarehe 10 Julai 1499. Vasco da Gama mwenyewe alifika baadaye, kwa sababu ndugu yake Paulo alikuwa mgonjwa sana njiani. Alimshusha katika visiwa vya Azores apate kupumzika, na huko akamzika. Katika watu waliotoka Lisbon miaka miwili nyuma, zaidi ya nusu hawakuiona tena.