Vyakula na Vinywaji vya Holi: Nafasi ya Bangi katika Thandai

Holi husherehekewa na Wahindu wakati wa mwezi mpevu wa Phalguna, kati ya Februari na Machi. Kaskazini mwa India huliwa gujiya, yaani andazi la umbo la mwezi mchanga lililojazwa maziwa yaliyochemshwa hadi kukauka, sukari na lozi, kisha likakaangwa kwa samli. Hunywewa pia thandai: maziwa baridi yenye lozi, shamari, iliki, pilipili manga na zafarani. Baadhi ya watu huitia majani ya bangi yaliyosagwa. Sheria ya India ya dawa za kulevya ya mwaka 1985 hudhibiti utomvu na maua ya mmea huo, bali majani yaliyotengwa na maua imeyaachia majimbo. Hivyo, bilauri mbili zinazofanana huweza kutofautiana kwa athari, na ni wajibu wa mwenyeji kumjulisha mgeni kabla hajanywa.