Mita 400 za mraba: kipimo kinachochagua majirani zako

Panda daladala kutoka Masaki hadi Manzese halafu angalia mageti. Mwanzoni geti moja liko mbali na la jirani, katikati kuna ukuta mrefu na miti. Ukifika Manzese mlango unagusana na mlango. Wengi tunasema ni suala la pesa tu. Ni kweli, ila kuna kitu kilichotangulia pesa: ramani.

Enzi za ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu, mpango ulioanza kwa Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza. Kanuni za ujenzi zilipanga watu kwa kupanga nyumba. Ukanda wa kwanza ulitaka nyumba za mtindo wa Kizungu, wa pili nyumba imara za makazi na biashara, wa tatu ukaruhusu za udongo na makuti. Huna pesa ya kujenga kama Mzungu? Basi huishi huko. Watu walizielewa kanda hizo vizuri tu, wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa eneo wazi, ndipo Mnazi Mmoja ya leo.

Baada ya uhuru lugha ilibadilika. Sasa tunasema ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa, na kinachotenganisha ni ukubwa wa kiwanja. Kwa viwango vya mwaka 1997, kiwanja cha ujazo mkubwa kilikuwa mita za mraba 400 hadi 800, cha kati 801 hadi 1,600, na cha ujazo mdogo kuanzia 1,601 hadi 4,000. Baadaye vikapunguzwa, lakini mantiki ni ileile.

Hebu tupige hesabu. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Tuseme theluthi moja inaenda kwenye barabara na maeneo ya wazi. Zinabaki kama 6,700. Ukikata viwanja vya mita 400 unapata 16. Ukikata vya 1,600 unapata vinne. Kama hekta hiyo iligharimu shilingi milioni 160, kwenye mpango wa kwanza kila familia inabeba milioni 10, kwenye wa pili milioni 40. Na bado hujanunua hata tofali moja! Ardhi ni ileile, mpimaji ni yuleyule, ila namba moja kwenye kanuni imeshaondoa familia 12.

Hizo familia 12 haziyeyuki. Zinaenda kununua kwa mwenye shamba, kwa hatua: ishirini kwa kumi na tano, mjumbe anashuhudia, karatasi inasainiwa, kesho fundi anaanza msingi. Ndivyo sehemu kubwa ya Dar ilivyojengwa. Kwa hiyo kipimo kilichowekwa ili watu wapate hewa na nafasi kinaweza kuwasukuma pale ambapo gari la zimamoto halipiti, na la kunyonya vyoo linasimama mita mia moja kutoka kwenye shimo.

Sisemi kipimo kifutwe. Kiwanja kidogo chenye choo cha shimo na kisima jirani ni hatari kweli, na bila kanuni nafasi ya barabara haipatikani. Ila mimi naona tumetumia nguvu nyingi kulinda ukubwa wa kiwanja na kidogo mno kulinda njia. Mita 200 zenye barabara na bomba la maji taka ni makazi bora kuliko 600 zisizofikika.

Urasimishaji unajaribu kurekebisha hilo kwa kuanzia nyuma: nyumba zipo tayari, watu wanakaa kikao, kila mmoja anakubali kutoa kidogo ili njia ipatikane. Mtaani kwetu tulikubaliana mita moja na nusu kila upande. Wote wakavunja uzio, isipokuwa mzee mmoja wa kona, ambaye anasema alinunua hatua zake kihalali na wala hakuna aliyekuja kumuuliza kabla hajajenga. Bajaji zinapita. Lori la mchanga bado linageuzia kwake.