MGENI NI NANI HAPA MUGOMA?

Ndugu msomaji, bila shaka unaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, 2022. Usiku huo ulikuwa ndio kipimo cha sensa: kila aliyelala katika ardhi ya Tanzania alipaswa kuhesabiwa, awe mwenyeji au mpita njia. Hatimaye tukaambiwa kwamba tu watu 61,741,120. Karani wa sensa alipobisha hodi nyumbani kwako alikuuliza mengi: jina, umri, elimu, kazi, uraia, na hata namna ya choo unachotumia. Lakini lipo swali moja ambalo hakukuuliza. Hakukuuliza kabila lako.

Vijana wengi hawajui kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa. Liliulizwa katika sensa ya mwaka 1957, wakati wa utawala wa Mwingereza. Likaulizwa tena mwaka 1967, katika sensa ya kwanza baada ya Uhuru. Baada ya hapo likaondolewa. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zote zimepita bila kuligusa.

Hata hivyo, swali linaloondolewa katika karatasi haliondoki katika midomo ya watu. Katika sehemu za mpakani, na hasa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, bado utalisikia kilabuni, mnadani na kisimani: "Hivi katika kijiji hiki Warundi ni wangapi? Wanyarwanda ni wangapi? Na sisi wenyewe tumebaki wangapi?" Pengine huulizwa kwa mzaha. Pengine huulizwa kwa nia mbaya, wakati wa ugomvi wa shamba au wa mirathi. Kwa kuwa swali hili huingia ndani ya nyumba na kugusa ndoa na watoto, hapana budi tulitazame kwa makini katika ukurasa huu wa familia.

MPAKA ULIPITA, WATU WALIBAKI

Tuanzie Mugoma yenyewe. Kata hii iko wilayani Ngara, katika nchi ya Bugufi, jirani na Burundi. Wenyeji wake ni Wahangaza, na lugha yao, Kihangaza, ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi. Ng'ombe ni "inka" huku, na ni "inka" huko. Mama wa upande huu na mama wa upande ule wanaweza kupatana bei ya maharage bila mkalimani.

Sababu yake haifichiki. Zamani Bugufi ilikuwa sehemu ya nchi iliyomtii Mwami wa Burundi. Walipokuja Wajerumani, Tanganyika, Rwanda na Burundi zote zikawekwa chini ya bendera moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza washindi wakagawana. Mwaka 1919 Mwingereza Milner na Mbelgiji Orts walipatana juu ya mpaka, Ubelgiji ikachukua Rwanda na Burundi, na Uingereza ikachukua Tanganyika. Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda, ilitiwa kwanza upande wa Waingereza, kisha miaka michache baadaye ikarudishwa kwa Rwanda. Bugufi haikurudishwa kwa Burundi. Ilibaki Tanganyika, na imebaki hivyo hadi leo.

Fikiri basi, ndugu msomaji, juu ya mzee aliyezaliwa Bugufi kabla ya vita hiyo. Bila kuhama kitongoji, bila kung'oa hata mgomba mmoja, alitawaliwa na Mwami, na Mjerumani, kisha na Mwingereza. Yeye alikaa palepale. Mpaka ndio uliotembea. Nduguye aliyeolewa bonde la pili aliamka asubuhi moja akiwa mtu wa nchi nyingine. Ukiwauliza wajukuu wao leo nani mwenyeji na nani mgeni, unawauliza juu ya jambo ambalo babu zao hawakuulizwa.

WENZETU WA NG'AMBO

Lisije likadhaniwa kuwa hili ni la Ngara peke yake. Kule Marekani liko jimbo la Texas, lililo jirani na Mexico. Nchi hiyo ilikuwa ya Mexico hadi mwaka 1836, ilipojitenga. Mwaka 1845 ikaingizwa katika Marekani. Mwaka 1848, baada ya vita, mto Rio Grande ukathibitishwa kuwa mpaka. Mji wa Laredo, uliojengwa tangu mwaka 1755 wakati wa utawala wa Wahispania, ukajikuta upande wa Marekani. Baadhi ya wakazi waliotaka kubaki watu wa Mexico walivuka mto na kuanzisha mji mwingine, Nuevo Laredo, yaani Laredo Mpya. Ndugu wakawa wanatazamana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

Marekani, tofauti na sisi, huuliza. Katika sensa zake kila mtu hujieleza mwenyewe kama ana asili ya watu wa lugha ya Kihispania, ambao huitwa pia Walatino. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa watu hao walikuwa zaidi ya milioni 62 katika nchi nzima, karibu mmoja katika kila watu watano. Lakini utazame mgawanyo wao katika miji ya Texas. Laredo, mpakani kabisa, walikuwa zaidi ya 9 katika kila watu 10. El Paso, mpakani pia, walikuwa kama 8 katika kila 10. San Antonio, ndani kidogo, walizidi 6 katika kila 10. Houston, mbali zaidi na mto, walikuwa zaidi kidogo ya 4 katika kila 10.

Hesabu hizo zinasimulia historia. Mpaka ukichorwa juu ya watu, watu huonekana pande zote mbili, na huwa wengi zaidi karibu na mstari wenyewe. Wamo bila shaka Walatino waliohamia Texas miaka ya karibuni. Lakini wamo pia ambao mababu zao walikuwapo kabla Texas haijawa ya Marekani. Karatasi ya sensa huwajumlisha wote katika fungu moja, wala haisemi nani alimkuta nani.

SIKU ILE YA RUSUMO

Turudi nyumbani. Ipo siku moja ambayo hesabu ya wageni wilayani Ngara haikuhitaji karani. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, kwa muda wa kama saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita na mauaji katika nchi yao. Sensa ya mwaka 1988 ilikuwa imehesabu watu takriban 160,000 tu katika wilaya nzima ya Ngara. Kwa hiyo katika siku moja waliopokelewa waliwazidi waliowapokea.

Kambi yao ya kwanza iliitwa Benaco, kwa jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi mahali hapo. Kwa muda ilisemwa kuwa Benaco ndio mji wa pili kwa wingi wa watu nchini, baada ya Dar es Salaam; mji wa mahema ya plastiki, usio na mti uliobaki kwa kuni. Wenyeji waligawana nao visima, na bei sokoni zikapanda na kushuka kwa mgawo wa chakula. Mwezi Desemba 1996 Serikali ilitangaza kuwa Wanyarwanda wote warejee kwao ifikapo mwisho wa mwaka, na karibu nusu milioni walirudi. Wakimbizi wa Burundi walibaki kwa miaka kadhaa zaidi katika kambi ya Lukole.

Alama yao unaweza kuisoma katika sensa. Mwaka 2002 Ngara ilihesabiwa watu 334,939. Mwaka 2012 ilihesabiwa watu 320,056. Nchi nzima iliongezeka watu zaidi ya milioni 10 katika miaka hiyo kumi, lakini Ngara ikapungua! Si kwamba akina mama wa Ngara waliacha kuzaa. Ni kwamba kati ya sensa hizo mbili kambi ya Lukole ilifungwa, na wakimbizi wakaondoka.

Basi ukimsikia mtu akisema kwamba "wageni wamejaa Ngara tangu 1994", mwonyeshe hesabu hizo. Wengi mno walikuja, na wengi mno waliondoka.

SWALI LILILOGEUKA PANGA

Kwa nini basi tusiulize kabila, ili tujue moja kwa moja? Jibu liko ng'ambo ya Rusumo. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwaandikia Wanyarwanda vitambulisho vyenye kabila: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Watu wa lugha moja, waliooana kwa vizazi, wakapewa majina yasiyofutika. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilidaiwa vizuizini, barabarani. Neno moja lililoandikwa na karani miaka mingi nyuma lilitosha kumpeleka mtu kaburini. Baada ya mauaji hayo Rwanda iliondoa kabila katika vitambulisho vyake.

Hatusemi kwamba kila hesabu ya asili za watu ni sumu. Marekani huitumia, pamoja na mengine, kuangalia kama watu wa asili fulani wanabaguliwa katika kura, shule na kazi. Kisu kimoja humenya ndizi na humjeruhi mtu. La muhimu ni kujua nani anauliza, na anataka kufanya nini na jibu.

KATIKA NYUMBA ZETU

Sensa yetu huuliza uraia, na hilo ni jambo la sheria, tofauti na damu. Wapo Wanyarwanda waliokimbilia Ngara mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kupewa makazi Muyenzi. Mwaka 1980 Tanzania ilifungua mlango wa uraia kwa maelfu ya Wanyarwanda wa namna yao. Mtu aliyepewa uraia ni Mtanzania, hata kama bibi yake alizikwa ng'ambo.

Lakini sheria isiyo na karatasi mkononi haimlindi mtu wakati wa msukosuko. Mwaka 2013, katika msako wa wahamiaji haramu uliofanywa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, waliondoka maelfu ya watu. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa nchini kwa miongo mingi, na waliooana na Watanzania. Zipo nyumba zilizogawanyika: baba huku, mama kule, na watoto wakiuliza wamfuate nani.

Kwa hiyo, mzazi wa Mugoma, wa Rulenge au wa Biharamulo, yako mambo matatu ya kufanya. La kwanza, mwandikishe mtoto wako ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na kitunze cheti chake mahali pasipofika mvua wala mchwa. La pili, ikiwa mwenzi wako alizaliwa ng'ambo, shughulikieni hati zake mapema, wakati wa amani, kwa njia ya halali. Msisubiri siku mtakapogongewa mlango. La tatu halihitaji ofisi wala ada. Usilitumie neno "Mrundi" au "Mnyarwanda" kama tusi mbele ya watoto. Mtoto anayelisikia leo kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba atalitumia kesho kwa mwenzake darasani. Huyo mwenzake huenda ni mjukuu wa shangazi yake mwenyewe.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia tumkumbushe ugeni wake baada ya jembe hilo kuisha makali shambani. Katika Bugufi wako watu waliolishika jembe hilo kwa vizazi vitatu, na wako ambao hawakuwa wageni hata siku moja: mpaka uliwakuta wakilima.